Sanduku la Lumbwi

Pima tena, Shaame. Upana umekaa sawa,
ila kwenda juu ongeza shubiri,
maana huyu halali chini,
hulala kakumbatia kijiti
kama mtoto aliyeshika kidole cha mamake.

Cheka tu. Na mie nilicheka
Bi Zuwena alipoingia karakanani, miwani kaifunga uzi,
akasema, "Fundi Kombo, nataka sanduku la msafiri."
Nikamwuliza ana nguo ngapi.
"Moja," akasema, "ila hubadilika rangi."

Vitanda nimetengeneza, milango, makabati ya sahani,
ubao wa kuoshea maiti uko msikitini mpaka leo.
Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza
sanduku litapumua wapi.

Toboa hapa. Na hapa, ubavuni, si juu peke yake,
juu watapakia mizigo ya watu.
Tundu isipite kidole chako cha mwisho.
Kisha piga msasa kwa ndani.
Kwa ndani, nimesema!
Nje ni kwa wenye mihuri,
ndani ni kwa ngozi yake.
Vanishi iache, inanuka.

Karatasi zipo chini ya randa, zisije zikaruka:
kibali cha kutoka, kibali cha kuingia Muskati,
cheti cha daktari wa mifugo, aliyemkagua macho,
jicho moja likamtazama yeye, la pili likatazama dirisha.
Miezi mitano Bi Zuwena kapanda ngazi za ofisi
kwa lumbwi mmoja aliyezaliwa nyuma ya jiko lake, Limbani,
akalelewa na Salha toka ukubwa wa kijiti cha kiberiti.
Salha kaolewa huko, na kila akipiga simu
huuliza hali ya Kadhi kwanza, ya mama baadaye.
Ndilo jina lake, Kadhi:
hakati neno mpaka atazame pande zote mbili.

Wewe hukuwako siku ile bandarini Mkoani.
Niliitwa na nyundo yangu kuvunja kufuli la begi
la bwana mmoja mnadhifu, ananukia udi.
Ndani, soksi.
Kila soksi imepigwa fundo,
na ndani ya kila soksi mijusi ya kijani,
ile ya migombani kwetu, inayong'aa kama imepakwa mafuta.
Tukahesabu arubaini na saba.
Waliokuwa wakipumua, sita.
Sisi tuliofunzwa udogoni kwamba kumuua mjusi kafiri ni thawabu
hapana aliyefungua kinywa.
Askari mmoja, kijana wa Micheweni,
alizifungua soksi taratibu
kama anayemvua mgonjwa.

Sijui kwa nini nakwambia.
Lete kile kijiti cha mkarafuu, kikaze huku na huku,
kisicheze. Gari likiruka shimo, yeye asiruke.

Leo hali kitu, husafiri na tumbo jepesi.
Matone ya maji alfajiri, kitambaa cha pamba, basi.
Na uwanjani sanduku lisiwekwe kwenye lami,
Bi Zuwena kaapa atalikalia kivuli yeye mwenyewe na mwavuli.
Andika wewe, mwandiko wako una adabu:
MNYAMA HAI. Mshale juu. Nambari ya simu, pande mbili.
Kwa Kiarabu tutamwomba mwalimu wa chuoni.

Weka chini msumari huo!
Skrubu, Shaame, skrubu.
Ndege ikighairi, atarudi nyumbani usiku huu huu
na mie nitaamshwa kumfungulia.
Msumari ni neno la mwisho,
na mwenye kusema neno la mwisho hapa
si mie wala wewe.

Kumshika siwezi, nakwambia wewe tu, usinitangaze.
Mpaka leo nikimwona mwili unanisisimka.
Haya, nipe bisibisi.
Na sogeza taa, tazama, tumemjaribisha kwa dakika kumi tu,
kesha anza kushika rangi ya ubao wetu.